Maji ya bomba yana harufu ya mtaro kila baada ya mgao. Nikichemsha inatosha? (Goba, Dar)

MamaNaima

Habari za majukumu wakuu. Naomba msaada kwa wanaojua mambo ya maji, maana hapa nyumbani kila mtu ana lake.

Tunakaa njia ya Goba, tumehamia mwaka jana. Bomba tunalo, ila maji ni ya mgao, yanatoka kama siku mbili kwa wiki na mara nyingi ni usiku. Yakianza yana rangi ya chai ya rangi na yana harufu. Siyo ile harufu ya dawa, ni harufu ya mtaro kabisa. Baadaye yanakuwa meupe, ndipo tunafungulia kwenye simtanki la lita 2,000. Yakikatika kwa muda mrefu tunaita boza. Dereva anasema ni maji ya kisima kirefu, lakini ukiyaonja yana chumvichumvi.

Mume wangu anasema maji yakishakuwa meupe hayana shida, kwao wamekua wakinywa ya mto. Mimi nina mtoto wa miezi minne ambaye maziwa yangu hayamtoshi, kwa hiyo namwongezea ya kopo. Mkubwa ana miaka mitano, ameharisha zaidi ya mara moja tangu mvua zianze. Nilipiga simu kwa wahusika wa maji nikaambiwa maji yametibiwa na ni salama. Sasa nishike lipi? Nikichemsha inatosha? Na haya ya boza naweza kumchanganyia mtoto maziwa?

Naomba kuwasilisha.

Kijana_wa_Tabata

Dada usijipe presha. Huku tunakunywa ya bomba tangu tuko wadogo na tuko wazima. Chemsha, weka kwenye ndoo, maisha yaendelee.

MzeeWaMaabara

Mama Naima, pole kwa kuuguza. Nimestaafu kazi ya maabara ya maji, na swali lako natamani kila mwenye simtanki angeliuliza.

Aliyekujibu kwenye simu hakukudanganya, ila amekujibu habari za mtamboni na wewe umeuliza habari za kwako. Maji mengi ya bomba hapa Dar ni ya mto Ruvu. Yanasafishwa Ruvu Juu kule Mlandizi na Ruvu Chini upande wa Bagamoyo. Tope linagandishwa kwa dawa na kutuama, maji yanapita kwenye mchanga, mwisho yanatiwa klorini, ile dawa ya kuua vijidudu. Kutoka hapo mpaka kwenye kikombe cha mwanao kuna makumi ya kilomita za bomba, kuna mipira ya mtaani iliyopitishwa kwenye mitaro, halafu kuna tanki lako. Huko ndiko kwa kuchunguza.

Mgao ndio unaoleta balaa, na nitakueleza kwa nini. Bomba likiwa na maji yenye nguvu, penye ufa maji yanavujia nje, kwa hiyo uchafu hauna pa kuingilia. Maji yakifungwa nguvu inakwisha. Walio bondeni wakiendelea kuchota yaliyobaki, huku mlimani bomba linanyonya. Ule ufa uliokuwa ukitoa sasa unaingiza, na kinachoingia ni kile kilicholizunguka bomba: maji ya mtaro, ya chemba iliyofurika, ya choo. Yakifunguliwa tena, yale ya mwanzo yanasukuma hayo yote mpaka kwenye koki yako. Rangi ya chai peke yake isingenisumbua sana, inaweza kuwa kutu na udongo uliokuwa umetulia ndani ya bomba. Harufu ya mtaro ndiyo iliyonifanya nikae chini niandike kirefu.

Baba Naima nimjibu kwa heshima. Weupe wa maji hausemi chochote kuhusu vijidudu. Tulikuwa tunapokea chupa maji yake yanang'aa, tunayapitisha kwenye karatasi ya kuchujia yenye vitundu vidogo kiasi kwamba bakteria hawapiti, karatasi inalazwa kwenye chakula cha bakteria na kuwekwa kwenye kabati la joto la nyuzi 44. Kesho yake unafungua kisahani unakuta karatasi imejaa vidoa vya njano. Kila kidoa ni kundi la bakteria wa aina ya wale wa kinyesi. Kwenye maji ya kunywa kinachotakiwa ni sifuri kwa kila mililita 100.

Hicho kipimo cha maabara utakifanya, ila kipo kingine unachoweza kukifanya mwenyewe leo: klorini iliyobaki. Shirika la Afya Duniani linataka maji yakifika kwa mtumiaji yawe na angalau miligramu 0.2 za klorini kwa lita. Hiyo ndiyo dawa inayoendelea kufanya kazi njiani. Nenda kwa wanaouza dawa za mabwawa ya kuogelea, omba vidonge vya DPD, vya kupimia klorini, na kichupa chake. Unatia maji, unaponda kidonge, unatikisa. Klorini ikiwepo maji yanageuka rangi ya waridi papo hapo, na kadiri ilivyo nyingi ndivyo rangi inavyokolea. Isipokuwepo yanabaki kama yalivyo. Pima usiku uleule maji yanapotoka, kwanza koki ya nje kabla ya tanki, kisha koki ya jikoni. Nje ikiwepo na jikoni isiwepo, angalia tanki. Nje isipokuwepo, na harufu hiyo unayoisema, basi bomba limeingiliwa na klorini yote imeishia kupambana na uchafu. Usipime maji yaliyolala tankini siku kadhaa ukashangaa, maana klorini hupotea yenyewe kwa kukaa.

Kuchemsha kunaua vijidudu vyote vinavyoharisha, hata vile ambavyo klorini haiviwezi. Yakishatokota kweli, mapovu makubwa yanapanda, dakika moja inatosha. Hakuna sababu ya kumaliza mkaa. Shida huja baadaye. Maji yaliyochemshwa hayana kinga yoyote ndani yake, mtu akichovya kikombe alichoshika kwa mikono michafu umerudi ulikotoka. Weka kwenye ndoo yenye mfuniko na koki. Siku ukikosa moto tumia Waterguard, fuata maelezo ya pakiti na usubiri nusu saa. Maji yakiwa na tope yachuje kwanza kwa kitambaa safi, kwa sababu tope linakula dawa.

Sasa la boza, na hapa naomba unisikilize vizuri. Kwa huyo wa miezi minne ACHA leo. Maji ya chumvichumvi usiyoyajua yametoka kisima gani hayafai kuchanganyia maziwa ya kopo hata uyachemshe vipi. Moto hauondoi chumvi. Hauondoi naitreti pia, kemikali itokanayo na kinyesi, ambayo inaingia kwenye visima vya maeneo yenye vyoo vya shimo vilivyosongamana. Ukichemsha sana maji yanapungua, vyenyewe vinabaki palepale, kwa hiyo unavikoleza. Kikomo cha naitreti ni miligramu 50 kwa lita, na kikomo hicho kimewekwa kwa ajili ya watoto kama wako, walio chini ya miezi sita na wanaotumia chupa. Ikizidi, damu inashindwa kubeba oksijeni, mtoto anabadilika rangi kwenye midomo na kucha, anakuwa wa bluu. Ukiona hivyo ni hospitali saa hiyohiyo.

Nunua maji ya chupa yenye alama ya TBS kwa ajili yake tu, nayo uyachemshe. Unga wa maziwa nao hauna uhakika wa kutokuwa na vijidudu, kwa hiyo changanya maji yakiwa bado ya moto, yasipungue nyuzi 70, halafu pooza chupa kwenye maji baridi mpaka yawe ya kumfaa. Na hayo maziwa yako machache endelea kumpa. Usiyaache, mama.

Fundi_Koki

Mzee kamaliza, mimi naongezea ya chini ya ardhi maana ndiyo kazi yangu.

Mama Naima, fuata mpira wako kutoka kwenye mita mpaka bomba la mtaani. Huku pembeni ya mji watu waliunganishiwa kila mmoja na mpira wake, umbali mrefu, na fundi wa haraka haraka hachimbi chini, anaulaza ndani ya mtaro kwa sababu mtaro tayari ni shimo. Nikifika kwenye mtaa wenye malalamiko ya harufu naanzia mtaroni na mara nyingi sihitaji kwenda mbali.

Halafu ulizia kama kuna jirani aliyefunga pampu moja kwa moja kwenye laini. Hili nalipigia kelele kila siku. Maji yakiwa hayana nguvu mtu anawasha pampu ivute kutoka bombani, na ikivuta inavuta kwa kila tundu lililopo mtaa mzima. Pampu inatakiwa inyonye kwenye tanki lako la chini, siyo kwenye bomba la umma.

Tanki nalo lioshwe. Mwaga yote, sugua kuta na ule utelezi wa chini, suuza. Jaza tena maji meupe, tia jiki ya kawaida isiyo na manukato, ile ya asilimia 3.5, lita moja na nusu kwa kila lita 1,000. Kwako ni lita tatu. Fungulia koki zote za ndani mpaka usikie harufu ya jiki, funga, acha ilale usiku kucha. Asubuhi mwaga yote, usimwagilie mboga, suuza ndiyo ujaze ya kutumia. Mfuniko ukae sawa, na tundu la kufurikia lifunge wavu. Nimeshatoa mijusi humo.

Kijana_wa_Tabata

Mzee shikamoo. Mimi nilidhani mtu akiwa haumwi basi maji ni mazima.

MzeeWaMaabara

Marahaba kijana. Mtu mzima aliyezoea anaweza kunywa akakaa salama muda mrefu, mtoto wa miaka mitano hana kinga hiyo. Na bomba linaweza kuwa safi wiki nzima likaingiliwa usiku mmoja. Kipindupindu cha 2015 kilianza hapahapa Dar mwezi wa nane, kikaenea mikoani. Kinachokulinda ni kupima.

Dada_wa_Usa_River

Mimi niko Arusha. Nasisitiza la Mzee kwamba kuchemsha hakuondoi kila kitu. Huku tatizo letu ni madini ya floraidi, yanatoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru. Maji yanang'aa, hayana harufu, ladha nzuri, na watoto meno yanaota ya kahawia. Yakizidi zaidi mifupa inapinda. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kule Ngurdoto kuna kituo kilichofanya kazi ya kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ndiyo tuliofundishwa kuweka kwenye ndoo ya kuchujia. Kwa hiyo kabla ya kununua maji ya kisima, omba karatasi ya vipimo. Asiye nayo usinunue.

MamaNaima

Wakuu asanteni sana, nimesoma na mume wangu neno kwa neno.

Nimepata vidonge vya DPD Mbezi. Juzi usiku maji yalipotoka nilipima koki ya nje, hayakubadilika rangi hata kidogo. Nikasubiri yawe meupe, nikarudia, ikatokea rangi ya waridi hafifu sana, ya kuitafuta kwenye mwanga wa simu.

Asubuhi tukaita fundi, tukafuata mpira kama alivyosema Fundi_Koki. Unapita kwenye mtaro wa nyuma, palepale ambapo nyumba ya jirani hutapisha choo mvua ikinyesha. Katikati kuna kiungo kimefungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli, umeoza, ukiushika unakatika. Nilikaa chini nikalia, nikimfikiria mwanangu. Tumeweka mpira mpya unaozunguka kwa juu, tumeufukia, kiungo ni cha kukaza. Jirani tumemwendea na mjumbe, ameahidi kuita gari la kunyonya. Tanki limeoshwa kwa jiki. Boza sijaita tena.

Mzee, sasa naweza kuwapa ya bomba bila kuchemsha? Na sampuli naipelekaje?

MzeeWaMaabara

Umefanya kazi kubwa, mama. Mpe pole na hongera baba pia.

Bado usiache kuchemsha. Mpira wako umepona, lakini bomba la mtaani hujaliona, na mtaro huo unapita nyuma ya nyumba nyingi. Waambie wenzako wa mtaa huo waangalie viungo vyao, halafu andikeni barua moja ya pamoja kwa wahusika wa maji, mwambatanishe picha ya hicho kiungo. Simu ya mtu mmoja inajibiwa na kusahaulika, barua yenye majina ya kaya inapewa namba.

Kuhusu sampuli, usitumie chupa ya soda. Nenda maabara wakupe chupa yao iliyotakaswa. Ndani ina dawa kidogo ya kuzima klorini ili isiendelee kuua bakteria njiani, kwa hiyo usiisuuze. Toa wavu au mpira wowote ulio mdomoni mwa koki, pangusa koki kwa spiriti, acha maji yakimbie dakika kadhaa, jaza bila kugusa mdomo wa chupa wala ndani ya kifuniko, acha nafasi kidogo juu. Iweke kwenye boksi la barafu na ifike ndani ya saa sita. Chukua mbili, ya koki ya nje na ya jikoni, na uandike saa uliyochukua. Ulizia kabla ya kwenda wanapokea siku gani, maana kisahani kinasomwa baada ya saa 24, na ukiipeleka Ijumaa mchana unaweza kurudishwa.

Zikisoma sifuri zote mbili, rudia tena baada ya mgao mwingine wenye mvua kubwa. Hiyo ya pili ndiyo nitakayoiamini.