Bonde la Msimbazi: likinyanyuliwa, lijengwe nyumba?

Katika mazungumzo kuhusu mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam, kuna hoja inayojirudia: mto ukishachimbwa na kupanuliwa, na udongo wake ukatumika kunyanyua ardhi ya pembeni, basi sehemu iliyonyanyuliwa ijengwe makazi na biashara, kwa kuwa ardhi iliyo hatua chache kutoka Kariakoo ni ghali mno kuachiwa vyura. Naipinga hoja hiyo, ingawa siupingi mradi wenyewe, na ningependa anayeiunga mkono anijibu kwa hesabu.

Hatari ya bonde hili haikugunduliwa jana. Mpango Mkuu wa Jiji wa 1979 ulikwishaliona kuwa halifai kwa makazi. Watu walijenga hata hivyo, wakauziana viwanja mbele ya mjumbe, wakavutiwa umeme na maji, na kila kitu kikaonekana halali mpaka mvua za Desemba 2011 zilipoua watu zaidi ya 40 jijini. Serikali iliwapa waathirika viwanja Mabwepande, nje kabisa ya mji. Baadhi yao walirudi, maana kibarua kilikuwa mjini na nauli ilikuwa inakimaliza. Mwishoni mwa 2015 zikaja alama za X nyekundu na matingatinga. Miezi michache baadaye, Mei 2016, mabasi ya mwendokasi yakaanza safari yakiwa na karakana yake Jangwani, ndani ya bonde lilelile ambalo watu walikuwa wanaambiwa kwamba halijengeki. Karakana hiyo imefurika mara kadhaa, na sasa mradi huu huu unalazimika kuihamisha.

Anayedhani kunyanyua ardhi ni ufumbuzi mpya aende Kigogo, mtaa ulio kando ya mto huohuo. Niliwahi kuingia katika nyumba ambayo sakafu yake imeinuliwa mara tatu, kila mara baada ya mafuriko, hata mtu mzima anainama kupita mlangoni, na swichi ya taa iliyokuwa usawa wa bega sasa iko karibu na goti. Nje kulikuwa na matairi yaliyojazwa mchanga na kupangwa kama ukuta. Mwenye nyumba alinieleza, bila kinyongo chochote, kwamba tangu jirani wa ng'ambo naye amwage kifusi kwake, maji yanamfikia yeye mapema zaidi. Hilo ndilo swali langu la kwanza: maji yatakayozuiwa na ardhi mpya iliyonyanyuliwa yatakwenda kwa nani? Najua kwamba mto nao utapanuliwa ili uyabebe, lakini upana huo utabaki upana kwa muda gani?

Nauliza hivyo kwa sababu ya mchanga. Msimbazi unateremka kutoka vilima vya Pugu, na huko juu mji unazidi kutanuka: miti inakatwa, mabati na zege vinachukua nafasi ya udongo uliokuwa ukinywa maji, kingo zinachimbwa mchanga wa kujengea, na kila mvua kubwa inashusha shehena nyingine hadi Jangwani. Mto uliochimbwa leo utajaa tena. Kuuchimba kila baada ya miaka michache ni gharama ya kudumu, na uzoefu wetu wa matengenezo ya mitaro ya kawaida tu kila mmoja anaujua.

Wapo wanaosema jibu ni kujenga kingo imara za zege na matuta. Budalang'i, magharibi mwa Kenya, wana matuta kando ya Mto Nzoia tangu zamani; yalibomoka 2007, yakabomoka tena 2008, na maelfu wakakimbia makazi. Tuta linapompa mtu usingizi, hujenga nyumba ya kudumu nyuma yake, kisha mwanawe naye akajenga, hivyo siku linapopasuka hasara huwa kubwa kuliko kama lisingekuwepo. Hata Waholanzi, ambao ni miongoni mwa wafadhili wa mradi huu wa Msimbazi, mwaka 1995 walilazimika kuwahamisha watu takriban 250,000 kwa hofu kwamba matuta yao yangepasuka. Baada ya hapo waliamua kuyasogeza matuta nyuma katika sehemu kadhaa, ili mto upate nafasi.

Sasa hesabu. Wahandisi wakisema kinga imesanifiwa kwa mafuriko ya miaka 50, wengi husikia kwamba tutakaa salama miaka 50. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 2 wa mafuriko kufikia au kupita kiwango hicho. Kwa mtu anayelipa mkopo wa nyumba kwa miaka 30, uwezekano wa kukutana nayo walau mara moja ni takriban asilimia 45.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba ardhi iliyonyanyuliwa ibaki bustani, viwanja vya michezo na masoko ya wazi, vitu vinavyoweza kulowa na kukauka, mpaka mchanga unaoteremka kutoka huko juu udhibitiwe. Anayetaka maghorofa ya makazi pale atuambie fedha za kuuchimba mto katika mwaka wa ishirini zitatoka katika fungu lipi, na atamweleza nini yule aliyebomolewa 2015 kwa sababu ya hatari.