Nimefika mlangoni mwa Bwawa la Hoover: NCR, Bwana House, Caesar au Yes Man?

Tarishi_wa_Usiku

Wakuu, salaam. Nacheza Fallout: New Vegas kwa mara ya kwanza, gemu la mwaka 2010 ambalo wengi humu mlishalimaliza zamani: dunia imeteketea kwa vita vya nyuklia, na mimi ni tarishi jangwani Mojave. Benny, aliyenipiga risasi na kuniibia mzigo, nimeshamalizana naye pale kasino ya Tops, mzigo wenyewe, chipu ya platinamu, ninayo, na ghafla kila mtu ananitaka upande wake kwenye vita vya kugombea bwawa. Nimetoka tu nje nikakabidhiwa alama ya Caesar, kwamba makosa yangu yote kwa Lejioni, jeshi lake la watumwa, yamefutwa. Balozi Crocker wa NCR, ile Jamhuri Mpya ya California, naye anasema tusahau yaliyopita. Bwana House, mtawala wa New Vegas, ananingoja juu kwenye kasino yake ya Lucky 38. Na chumbani kwa Benny nimekuta roboti anaitwa Yes Man anayekubali kila ninachosema.

Ninavyoona mimi: NCR wana sheria, bunge na jeshi, ila wamejitandaza kuliko uwezo wao. House ana akili na mipango. Lejioni ina nidhamu, ila niliyoyaona Nipton hayajanitoka kichwani, watu wametundikwa misalabani barabara nzima kwa bahati nasibu. Yes Man sijamwelewa.

Sitaki ushauri wa silaha gani nzuri. Nataka mnilinganishie hawa wanne: nani nikimpa bwawa, watu wa Goodsprings walioniokoa watalala salama? Msinifiche mwisho, nimeridhia kuambiwa.

MzeeWaKonsoli

Karibu sana kijana wangu. Mimi ni wa NCR na nitakueleza kwa nini, lakini nianze na ubaya wao maana ndio ninaoujua zaidi.

Walikuja Mojave kama wageni, na ule usemi wa mgeni njoo mwenyeji apone hapo haukufanya kazi. Kwa mkataba wao na House, asilimia 95 ya umeme wa bwawa inakwenda kwao California. Inayobaki New Vegas ni 5. Ukiwapa ulinzi wa mji wa Primm, wanakuja na askari na daftari la kodi. Na Bitter Springs waliua wazee na watoto wa kabila la Great Khans waliokuwa wanakimbia. Ukitembea na Boone, askari wao wa zamani, msikilize pole pole, atakufungulia moyo kuhusu siku ile.

Sasa kabla hujaamua, nenda kambi yao ya Camp Golf ukakae na Chifu Hanlon, yule mzee wa Marenja, kikosi chao maalumu. Huyu ndiye aliyeshinda vita vya kwanza vya bwawa mwaka 2277: aliwavuta Lejioni mpaka Boulder City, kumbe mji mzima umetegwa baruti. Shujaa wao. Halafu utakuta mzee huyohuyo anatunga taarifa za uongo kwenye redio ili serikali yake ikate tamaa na kuwarudisha vijana nyumbani. Nilipoligundua hilo nilizima gemu nikakaa kimya nusu saa. Nilipowasha tena sikumshitaki.

Kwa nini basi bado nawaunga mkono? Kwa sababu ndani ya NCR unaweza kubishana. Kanali Moore atakuamuru uwaangamize Brotherhood of Steel, kundi linalohodhi teknolojia ya kale, kule Hidden Valley. Kama McNamara bado ndiye mkuu wao, unaweza kuwapatanisha na amri hiyo ikafa. Moore atakasirika, lakini mkataba utasimama. Kwa House hilo haliwezekani. Anasema waondoke duniani, basi, hakuna kikao.

BintiPwani

Nami niseme la Lejioni, kwa sababu humu kila mwaka anatokea mtu kutuambia "lakini barabara zao ni salama". Ni kweli. Mchuuzi Dale Barton pale Fort, kambi kuu ya Caesar, atakwambia hivyo mwenyewe, kwamba kwenye ardhi ya Caesar msafara hauibiwi. Na Caesar si mjinga. Ni Edward Sallow, alikuwa msomi wa Followers of the Apocalypse, kundi la waganga na wasomi wanaosaidia maskini, akaunganisha makabila 86 chini yake na atakupa somo la falsafa ukimkalia.

Lakini mimi tarishi ninayemchezesha ni mwanamke. Niliingia Fort nikaona wanawake wamebebeshwa mizigo mgongoni kama punda. Nikamkuta Siri, mganga, anatibu watu akiwa mtumwa. Nikamkuta mtoto Melody analia, dubu wake wa kuchezea kachukuliwa na mtunza mbwa ili mbwa wafanyie mazoezi ya kung'ata. Nilimrudishia dubu. Siku ile ndipo nilipoacha kujiuliza.

Na fikiria hili: Caesar ana uvimbe kwenye ubongo. Akifa anayeshika ni jemadari wake Lanius, ambaye hajui kingine ila kuchinja. Utawala unaoning'inia kwenye kichwa cha mgonjwa mmoja utaukabidhi bwawa?

Kisiki_cha_Mpingo

Mmemaliza? Sasa nipeni nafasi kwa Bwana House.

Siku mabomu yanaanguka, Oktoba 23, 2077, makombora 77 yalielekezwa Las Vegas. House alizima 59 kwa kuyatumia misimbo, akatungua mengine 9 kwa leza za juu ya Lucky 38, na hakuna lililopiga jiji lenyewe. Chipu hiyo uliyonayo mfukoni ilichelewa siku moja tu. Ingewahi, angefanya zaidi. Huyo ndiye mtu pekee katika hao wanne aliyeokoa jiji zima kabla hujamuomba.

Tena ana ratiba: miaka 20 kufufua teknolojia, 50 watu wawe kwenye obiti, 100 meli za kwenda nyota nyingine. NCR wanapigania mashamba na maji. House anawaza binadamu waondoke kwenye majivu.

BintiPwani

Kaka Kisiki, nakuheshimu, ila toka nje ya geti. Kuingia Strip, mtaa wa kasino wa House, unatakiwa uonyeshe vizibo 2,000 (ndiyo pesa ya huko) au kibali, ukikimbilia getini bila hivyo roboti wanakumiminia risasi. Hatua chache nyuma yako ni mtaa wa Freeside, watu wana njaa, na Followers wanawatibu ndani ya ngome ya Wamormoni bila msaada wake. Miaka yote hiyo hajawafungulia. Meli ya nyota itapakia nani?

Kisiki_cha_Mpingo

Dada, hapo umenipata. Nilitetea mpango, sikutetea geti. Bado naamini bila yeye kusingekuwa na kitu cha kugawana.

Nanga

Mimi nasema Yes Man, yaani Vegas huru bila hao wengine watatu. Anakuachia wewe uamue nani aishi: Brotherhood waweza kuwaacha, Khans waweza kuwaacha. Tahadhari moja tu, na ndiyo inayoharibu kampeni za wengi. Chini ya Fort kuna handaki la House. Caesar atakutuma ukaliharibu. Ingia, wezesha jeshi la roboti lililofichwa humo badala ya kuliharibu. Ardhi itatetemeka na Caesar ataamini umetii. Ukiharibu kweli, kisha ukatangaza uhuru, Vegas itabaki bila askari na mwisho wake ni vurugu mitaani. Uhuru bila mlinzi watu wa Goodsprings hawataupenda.

MzeeWaKonsoli

Nanga kasema kweli. Hata ukija kwetu NCR, handaki lifanye kwanza, milango mingine inabaki wazi.

Tarishi_wa_Usiku

Nawashukuru wote, nimesoma mara mbili. Lejioni nimeitoa, dada BintiPwani amenimalizia kazi. House nilikuwa nimemwelemea, ila usiku huu nimerudi Freeside nikatembea kwa miguu kutoka geti moja hadi jingine, nikashindwa.

Nimebaki na NCR na Yes Man, na naona tofauti yao ni nani atakayewajibika kesho nisipokuwepo. Nimesevu nje ya Fort. Nashuka handakini sasa hivi, kisha Camp Golf kwa Hanlon. Mzee, yale maneno yake nataka niyasikie mwenyewe kabla sijamjibu Balozi Crocker.