Pijo 504 ya babangu: nibadilishe injini au niifungue?

Mrithi504:
Wakuu, naomba ushauri kabla sijatoa pesa. Nina Peugeot 504 saluni ya 1979, petroli, lita 2. Babangu aliinunua kwa mshahara wa ualimu, baada ya 504 kushinda Safari Rally 1975 na tena 1978. Sasa amenikabidhi mimi, kitindamimba wake. Jumapili nikipanda kutoka Mai Mahiu, mshale wa joto uligusa nyekundu. Nikasimama, nikangoja ipoe, nikachomoa kijiti cha oili. Kilitoka na rangi ya chai ya maziwa, povu juu.

Fundi wa kwanza, Industrial Area, hakufungua chochote. Anasema injini imekufa, nilete 210,000 anitilie ya Toyota. Wa pili, kule Grogan kwenye magereji ya Nairobi, ana injini ya 504 iliyotoka kwenye pikapu: 95,000, kuifunga ni juu yangu. Iko chini sakafuni, sijaisikia ikinguruma. Mzee ana miaka 81 na kila jioni ananiuliza gari iko wapi.

Spana_Kariobangi:
Dada, usilipe bado. Injini hiyo ina laina (mikono ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka) zinazochomoka, maji yanazizunguka moja kwa moja. Sili za chini zikichoka, maji huingia kwenye oili hata kama bloku, yaani mwili wa injini, ni nzima. Mwambie fundi amwage oili, atoe sampu (karai ya oili chini ya injini), ajaze redieta maji na kuitia presha kwa pampu ya mkono, kisha alale chini ya gari atazame maji yanadondokea wapi. Hedi, kifuniko cha juu cha injini, ni ya alumini, kwa hiyo baada ya joto lile lazima ipimwe kama imepinda. Na hedi ikishatolewa, asizungushe kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni) kabla ya kubana laina. Zikisogea, umeongeza kazi.

Babu_wa_Ngong:
Mwanangu, hilo la Toyota nimelipitia. Propela ya 504, ule mhimili unaopeleka nguvu nyuma, imo ndani ya bomba la chuma linalounga gia boksi na difu ya magurudumu ya nyuma, na gia boksi ya Toyota haina pa kulifunga. Nikachongesha kiunganishi, nikahamisha vishikizo vya injini, nikabadilisha redieta na egzosi. Nilianza na 150,000, nikamaliza na 330,000. Namba ya injini nayo ilibadilika, ikabidi gari ikaguliwe na logibuku irekebishwe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Ile ya Grogan, kama hawakuruhusu upime kompresheni ya kila silinda, iache hapo hapo sakafuni.

Mrithi504:
Asanteni sana. Nimelala chini ya gari mwenyewe na tochi: maji yanadondokea silinda ya 3, pembeni ya laina. Bloku haina ufa. Laina na pistoni seti moja, gaskiti, beringi, kusawazisha hedi na ufundi: 88,000. Nimelipa nusu leo. Mzee ameomba aletwe kwenye karakana siku ya kuwashwa.