Bustani yetu si studio yenu ya picha!

Mbukwenyi wakuu. Leo sina utani, nimekuja na hasira zangu zote.

Hapa mtaani kwetu Dodoma tuna bustani ya viumbe. Usitegemee maua ya kupangwa wala viti vya kuzunguka. Ni mibuyu miwili, migunga, na nyasi tulizoziacha makusudi. Tulikubaliana kikaoni: hakuna kufyeka ovyo, hakuna kupuliza dawa, gogo likianguka lioze palepale. Kila mgeni akifika swali lake ni hilohilo, "Mbona hamfyeki? Hapa si pori?" Ndiyo, ni pori! Ndilo tulilolitaka! Kwenye hizo nyasi unazoziita uchafu ndiko panzi wanakozaliana, na panzi ndio wanaowavuta ndege unaokuja kuwapiga picha. Hilo gogo unalolibomoa kwa kisigino lina wapangaji wengi kuliko nyumba yako.

Sasa Jumapili iliyopita. Mvua zimekolea, ndege wanalea. Mnana dume hufuma kiota mwenyewe, unyasi mmoja baada ya mwingine, kikining'inia kwenye ncha ya tawi ili nyoka apate taabu kukifikia. Nyoka kweli hakufika. Kafika mpiga picha! Kaja na dada wa sendofu mwenye gauni la zambarau, wapambe sita na spika kubwa kama pipa. Akaona tawi linamzibia, akalivunja. Lilikuwa na viota vitatu. Kimoja akamkabidhi dada akishike kiganjani, eti kinaendana na gauni. Ndani mlikuwa na makinda mawili, hata manyoya hayajaota. Mimi nafika, yako chini, sisimizi washayazunguka, na spika bado inapiga. Nauliza, najibiwa: "Mzee, si ndege tu hao?"

Nilikosa cha kusema. Mimi, ninayejulikana mtaa mzima kwa maneno mengi.

Na si hao peke yao. Kuna baba alimwacha mwanawe ampige kinyonga mawe "kwa sababu ana sumu". Kinyonga hana sumu, wakuu! Kuna wanaogeuza kila jiwe kutafuta nge wa kurekodi, wakishamwona wanaliacha jiwe chali, na kila kilichokuwa chini yake kinakaushwa na jua. Kuna wa chipsi na mifupa ya kuku. Na kuna hili la karai ambalo sijalisamehe mpaka leo. Wakati wa kiangazi tunabeba maji kwa baiskeli, madumu ya lita 20, tujaze karai la ndege na nyuki. Tumepanga mawe ndani ili nyuki wapate pa kutua wasizame. Mtu akaoshea raba zake humo. Kwa sabuni.

Cha kuudhi zaidi, wanaoharibu ni wanaokuja na magari. Kuna bibi hapa jirani huja kuchuma mlenda. Anapiga hodi, kwenye uwazi usio na hata geti! Anachuma ncha tu, mizizi haigusi, akiona kiota anapita upande wa pili. Hakuna aliyemfundisha kwa bango.

Sasa tumefunga kamba. Njooni, hatuwakatazi, bustani ni ya watu. Njooni asubuhi na mapema kama mnataka kuona kitu, mfuate njia, mkae kimya hata dakika kumi, ndege watawasogelea wenyewe. Spika ibaki kwenye gari. Tawi likikuzibia, sogea wewe.

Na wewe mpiga picha, najua humu umo. Ulisahau kifuniko cha lenzi. Ninacho, nimekiweka ndani ya kile kiota. Njoo ukichukue, na unikute.