Kuzunguka milima ya Tenerife kwa pikipiki ya magurudumu matatu: nini cha kujua kabla?

Mlimani_Kwanza

Wakuu, naomba mwongozo kwa wanaoijua shughuli hii. Tupo wawili, mwendeshaji na abiria, na tunataka kuingia kwenye msafara wenye kiongozi kisiwani Tenerife, Hispania, kwa zile pikipiki za magurudumu matatu, mawili mbele na moja nyuma. Njia waliyotupa inaanzia pwani ya kusini, inapanda Arona na Vilaflor hadi Las Cañadas chini ya mlima Teide, kisha inashukia Chío. Kijiji cha Masca ni kama muda utatosha.

Uzoefu uliopo ni wa pikipiki ya kawaida na gari. Je, mashine hii inaendeshwaje kwenye kona kali? Breki zinahimili mteremko mrefu hivyo? Na nguo, maana ni kisiwa cha jua?

---

Ekseli_Mbili

Kabla ya kona, ulizeni mtapewa mashine gani hasa, kwa sababu jina hili moja linabeba vitu vitatu visivyofanana.

Zipo zisizolala kwenye kona, magurudumu mawili mbele: Can-Am Spyder na Ryker. Zipo zinazolala kama pikipiki, mfano Piaggio MP3 na Yamaha Niken. Halafu zipo zenye gurudumu moja mbele na mawili nyuma, kama Harley-Davidson Tri Glide. Hizo umbo lake ni la bajaji, na tabia yake pia: ukishika breki ukiwa umeshakata kona, uzito unakimbilia mbele upande wa nje, mahali ambapo hakuna gurudumu. Kwa maelezo yako, yenu ni Ryker au Spyder.

Sasa hapa ndipo mwenye uzoefu wa pikipiki anapoumia kuliko asiye na uzoefu kabisa. Kwenye pikipiki ya kawaida, ikishachanganya mwendo, unausukuma mkono wa kulia mbele ili ilale na iende kulia. Mkono unafanya wenyewe, hauufikirii. Ukifanya hivyo kwenye Ryker, magurudumu ya mbele yanageukia kushoto na mashine inakwenda kushoto. Haina mjadala. Kona ya kulia unaisukuma kwa mkono wa kushoto na kuivuta kwa wa kulia, kama baiskeli ya mtoto ya magurudumu matatu. Tafuta uwanja mtupu, zungusha namba nane kwa dakika 15 au 20, mwendo wa kilomita 20 kwa saa, mpaka mikono isahau. Kiongozi anayewatoa ofisini moja kwa moja hadi barabara kuu bila zoezi hilo, mwambieni asubiri.

La pili ni mwili. Kwa kuwa mashine hailali, wewe ndiye unayetupwa nje. Kona ya kulia inakutupa kushoto, na ukijishikilia kwa usukani ili usianguke, unauvuta bila kujua, mashine inaanza kucheza. Bana magoti, kandamiza mguu wa upande wa nje kwenye kikanyagio, peleka kidevu juu ya mkono wa ndani. Viwiko vilegee. Mtu aliyekaa wima kama yuko kwenye gari anamaliza saa moja ya kona huku mabega yanawaka.

La tatu linawashtua wengi: mashine hizi zina mfumo wa kompyuta wa kulinda uthabiti. Ukiingia kona kwa kasi hadi gurudumu la ndani likakaribia kunyanyuka, mfumo unakata nguvu ya injini na kubana breki ya gurudumu moja moja. Wewe unahisi injini imekufa katikati ya kona. Haijafa. Usiipe gesi, iache imalize kazi yake, na kona inayofuata ingia taratibu zaidi.

Tena, gurudumu la nyuma linapita katikati. Kwenye gari, shimo au jiwe lililo katikati ya njia unaliweka kati ya magurudumu na kupita. Hapa gurudumu la nyuma linalikanyaga moja kwa moja, na ndilo linalobeba nguvu yote ya injini. Katikati ya njia ndipo pia mafuta ya magari yanapodondokea, hasa karibu na vituo vya basi na kwenye kona za kupanda. Mvua ikianza, sogeza mashine kidogo pembeni ili gurudumu la nyuma litoke kwenye mstari huo mweusi. Sogeza ukikumbuka kwamba upana wa mbele ni kama mita moja na nusu. Huna nafasi ya pikipiki, una nafasi ya gari dogo.

---

Bahari_ya_Mawingu

Mkuu hapo juu kamaliza habari ya mashine, naongeza ya barabara na hewa.

Usidanganyike na pwani. Las Cañadas iko juu ya mita 2,000, na kituo cha chini cha kebo ya Teide (vibehewa vya kupandisha watu mlimani kwa waya) kipo mita 2,356. Kwa hesabu ya kawaida hewa inapoteza kama digrii 6.5 kwa kila mita 1,000. Pwani ikiwa 24, juu tegemea 10 hivi, na hapo bado hujaweka upepo wa mwendo. Lakini Tenerife ina mchezo wake: pepo za kaskazini mashariki zinarundika mawingu kwenye miteremko ya kaskazini, chini ya hewa yenye joto na ukavu iliyokaa juu yake. Ndiyo maana unaweza kukuta baridi na unyevu ndani ya wingu, ukatoboa juu ukakuta jua kali na anga la buluu.

Njia yenu ya Arona, Vilaflor hadi Las Cañadas ni ya kusini, kwa kawaida kavu. Msafara ukibadilishwa kushukia La Orotava kwa barabara ya TF-21, au ukapita msitu wa La Esperanza kwa TF-24, hapo mtaingia kwenye wingu lenyewe. Misonobari inakamua ukungu na kuudondosha barabarani, kwa hiyo lami inaweza kulowa siku ambayo mvua haijanyesha. Sindano za misonobari zilizolala kwenye kona zikilowa zinateleza kama maganda ya ndizi.

Nguo: koti la pikipiki lenye kitambaa cha kuzuia upepo ndani, fulana ya mikono mirefu, suruali nzito, viatu vya kufunika kifundo, glavu pande zote mbili za safari. Glavu ndizo watu wanaziacha, na ndizo zinazohitajika kwanza. Mafuta ya jua pakeni shingoni na kwenye kipande cha mkono kati ya glavu na koti. Miale ya jua inaongezeka kwa asilimia 10 hivi kila mita 1,000, na baridi inakudanganya kwamba huungui.

Ikivuma calima, ule upepo wa vumbi kutoka Sahara, anga linakuwa la rangi ya mchanga na kuona mbali kunapungua. Viongozi makini hubadilisha njia siku hiyo. Wakati wa baridi theluji nayo huifunga barabara ya juu, kwa hiyo swali la "tukishindwa kupanda mnatupeleka wapi?" liulizwe kabla ya kulipa.

Jazeni tangi pwani. Na ndani ya hifadhi ya taifa ya Teide mnasimama kwenye maegesho na vituo vya kutazama tu, si ukingoni mwa lava, mawe hayaokotwi. Kushuka kwa TF-38 kuelekea Chío mtapita kwenye mwamba mweusi wa mlipuko wa 1798. Kwa kuangalia, hicho ndicho kipande bora cha njia yote.

---

Mlimani_Kwanza

Shukrani sana wakuu. Abiria je? Anakaa tu, au ana kazi? Na bado suala la breki.

---

Pedi_na_Diski

Abiria ana kazi moja: kutokuwa na kazi. Ashike vishikio vya pembeni, si kiuno cha dereva, maana akitupwa nje kwenye kona anamvuta dereva na dereva anauvuta usukani. Aangalie juu ya bega la dereva la upande kona inakoelekea, inatosha. Hakikisheni mashine mliyopangiwa ina kiti cha abiria, kwa sababu Ryker ya msingi hutoka kiwandani ikiwa na kiti kimoja. Cha pili hufungwa kwa fremu yake maalumu. Muwe wazi pia kuhusu uzito wenu wa pamoja, mizigo ikiwemo, wakati wa kuweka nafasi.

Injini ndogo ya Ryker, ile ya cc 600, itawapandisha watu wawili, ila kwenye kupita lori itakuwa ya kuomba dua. Juu ya mita 2,000 hewa ni nyepesi na injini isiyo na tabo inapoteza kama moja ya tano ya nguvu yake. Watu wawili, chukueni 900.

Breki sasa. Kwanza, ziko mguuni. Pedali moja ya mguu wa kulia inabana magurudumu yote matatu, na kwenye usukani hakuna mkono wa breki wala wa klachi. Aliyezoea pikipiki, akishtuka, vidole vyake vinakwenda mbele kutafuta kisichokuwepo, na hapo nusu sekunde imekwenda. Kwenye lile zoezi la uwanjani ongezeni kusimama ghafla mara kumi, kwa mguu tu.

Pili, hesabu ya mteremko. Mashine na watu wawili ni kama kilo 450. Kuzishusha mita 2,000 kunatoa nishati ya karibu megajuli 8.8, na yote lazima iende mahali: upepo unachukua sehemu, injini sehemu, breki zinabeba iliyobaki kama joto. Ryker haina gia za kuchagua, ina mkanda unaojipanga wenyewe. Injini inasaidia kuzuia, lakini si kama gia ya pili ya gari, na mzunguko wa injini ukishuka sana mkanda unaachia na mashine inaserereka huru. Hapo mwendeshaji anaweka mguu kwenye pedali na kuusahau huko kilomita nzima. Hicho ndicho kinachoharibu breki.

Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke chini ya digrii 230. Yakishanyonya unyevu kiasi, kipimo chake kinashuka hadi 155. Yakichemka yanatoa mapovu, na mapovu yanabonyea: pedali inazama mashine haisimami. Dalili ya mapema ni harufu kama ya plastiki iliyoungua, kisha pedali inayokwenda chini zaidi kila kona.

Namna ya kushuka: kabla ya kona, ukiwa bado umenyooka, bana kwa nguvu hadi ufike mwendo wa kona, kisha achia kabisa. Kati ya kona na kona mguu uwe nje ya pedali ili diski zipate upepo. Ukisikia harufu, mwambie kiongozi, egesheni mahali pa tambarare, na usikae umekandamiza pedali wakati diski ni za moto, maana pedi zinapika sehemu moja ya diski. Dakika 15 hadi 20 zitatosha kupoa, maji usimwage.

Mkiegesha kwenye mteremko, breki ya kuegesha kila mara. Mkanda haushiki mashine kama gia.

Jambo dogo la asubuhi: matairi ya mbele ya mashine hizi hujazwa upepo mdogo, kwenye Spyder psi 15 hadi 20 kutegemea toleo, la nyuma 28 hivi. Someni lebo. Mtu akijaza 32 mbele kwa mazoea ya gari, mashine inarukaruka juu ya kila ufa wa lami.

---

Mkono_wa_Kulia

Naona wote mmesahau kitu kimoja: Hispania wanaendesha kulia. Kwa aliyezoea kushoto, barabara nyoofu haina shida kwa sababu kiongozi yuko mbele. Shida ni unapoondoka kwenye kituo cha kutazama kisicho na gari lolote, na unapotoka kwenye kona ya nyoka ya kushoto. Macho yanatafuta ukingo wa kushoto, mashine inayafuata. Bandika kipande cha tepu nyekundu kwenye kioo cha kulia: hiyo ndiyo pembeni yako.

Kwenye msafara, mgeni zaidi anakaa nyuma ya kiongozi, si mwishoni. Mwishoni ndipo mtu anapokimbiza ili asiachwe. Pikipiki za kawaida hupangwa kwa kupishana kulia na kushoto. Hizi ni pana, kwa hiyo mstari mmoja, sekunde tatu kati yenu, nne kwenye kushuka. Mkubaliane kwamba kila njia panda mtu anamsubiri wa nyuma yake hadi amwone. Hapo hakuna anayepotea na hakuna anayehitaji kukimbia.

Masca: TF-436 ni nyembamba, kona zimekunjana, na mabasi yanapita. Basi likikata kona linachukua upana wote wa barabara. Ukiliona linakuja, simama kabla ya kona, si ndani yake. Nendeni asubuhi na mapema mkianzia Santiago del Teide; saa sita mchana magari yamejaa na mtashuka kwa mwendo wa kusimama na kuondoka, ambao ndio mbaya zaidi kwa breki alizoeleza mkuu. Msafara ukiwa na watu zaidi ya sita kwa kiongozi mmoja, Masca iacheni.

Leseni: katika sheria za Umoja wa Ulaya, pikipiki ya magurudumu matatu yenye zaidi ya kilowati 15 imewekwa daraja A (la pikipiki), na nchi zinaruhusiwa kukubali daraja B (la gari) kwa mwenye miaka 21 na zaidi. Leseni ya nje ya Umoja ni habari nyingine, kwa hiyo pata jibu la maandishi kutoka kwa wenye msafara, ukiwatumia picha ya leseni yako pande zote mbili, na beba ya kimataifa pamoja na ya nyumbani. Helmeti ni lazima kwa wote wawili. Kwenye mkataba tafuta mstari wa matairi, rimu na sehemu ya chini ya mashine. Mara nyingi bima haivigusi. Pigeni picha za rimu tatu zote na pembe za bodi ya mbele kabla ya kuwasha.