Hizo "rekodi mpya" za besiboli ni usanii, José Méndez bado kaibiwa

Wakuu, nimejizuia tangu jana usiku, nimeshindwa.

Kwenye kundi letu la michezo tulikuwa tunabishana kuhusu warushaji wakali wa besiboli, wale wanaomrushia mpigaji mpira, wa enzi za mwanzo wa karne iliyopita. Nikamtaja José Méndez, mrushaji mweusi wa Cuba. Jamaa mmoja akanirushia picha ya ukurasa wa takwimu zake kwenye hizo rekodi mpya za ligi kuu ya Marekani: "Mbona wa kawaida tu, mzee?" Wa kawaida! Nikaikuza ile picha. Mstari wa kwanza unaanzia 1920. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira.

Maana kufika 1920 Méndez alikuwa ameshakwisha. Mkono wa kurushia ulimharibikia miaka kadhaa nyuma, akawa anacheza zaidi ulinzi na kuinoa Kansas City Monarchs, timu ya weusi ya Marekani, huku akirusha siku mojamoja. Ni sawa na kumpima mpishi kwa ukoko aliouacha sufuriani.

Méndez mwenyewe mtafuteni Havana, Novemba 1908. Cincinnati Reds, timu ya ligi kuu ya Marekani, wamekuja Cuba kucheza. Almendares, klabu ya Havana, inampanga kijana mweusi kutoka Cárdenas. Zamu 8 kati ya 9 za mchezo zinapita, hakuna Mmarekani aliyefika kituo cha kwanza kwa pigo lake mwenyewe. Zamu ya 9 Miller Huggins wa Reds anabahatisha kimpira ambacho hata hakikutoka eneo la ndani. Basi, hilo ndilo pigo lao pekee mchezo mzima. 1-0. Wakakutana naye tena, akaingia katikati ya mchezo, zamu 7, sifuri. Mara ya tatu, zamu 9, sifuri. Jumlisheni wenyewe: 25, Reds hawajaonja bao.

Sasa sikieni dharau. Mwaka 1911 Reds haohao wakasajili Wacuba wawili, Armando Marsans na Rafael Almeida, watu waliovaa jezi moja na Méndez pale Almendares. Yeye wakamruka. Ngozi tu, hakuna kingine, maana ligi kuu ilikuwa haichukui weusi. Klabu ikahangaika kuuthibitishia umma kwamba hao wawili ni Wahispania wasio na doa, na mwandishi mmoja wa huko akawafananisha na miche safi ya sabuni ya Castile. Miche ya sabuni, jamani! Aliyewanyamazisha akaishia kuzunguka mji hadi mji na All Nations, timu ya mseto iliyochanganya weusi, weupe, Wacuba na yeyote aliyejua kucheza.

Desemba 2020 wakubwa wa ligi wakatangaza kwamba ligi za weusi za 1920 hadi 1948 nazo ni ligi kuu. Mwaka 2024 wakaziingiza takwimu vitabuni, Josh Gibson, mpigaji wa ligi hizo za weusi, akapanda kileleni, watu wakapiga vigelegele. Sina ugomvi na Gibson, anastahili. Ila huo mstari wa 1920 umemkata Méndez kiunoni, wakachukua nusu iliyochoka.

Na hata hiyo nusu! Oktoba 1924, mchezo wa mwisho wa fainali ya ligi za weusi dhidi ya timu ya Hilldale, kocha Méndez akachukua mpira mwenyewe na mkono wake mbovu. 5-0, Monarchs mabingwa. Miaka minne baadaye akafia Havana. Jumba la Heshima la besiboli la Cooperstown, Marekani, likamkumbuka 2006. Kwangu mimi kile ni kilemba cha ukoka, kama hesabu zake bora bado zimeachwa nje.

Najua wapo mtakaokuja na "zile zilikuwa mechi za kirafiki, Reds walikuwa wanakula likizo". Sawa, zitoeni. Je, ligi ya Cuba, yenye ratiba, msimamo na bingwa, ambayo weusi na weupe walicheza pamoja, nayo ilikuwa urafiki? Na huko kwenye mechi zenu za mashindano mlikokuwa mmemfungia mlango, angewafunga vipi?

Yule jamaa wa kundini amesoma ujumbe wangu, kanyamaza. Mwenye hoja nyingine aiweke hapa, ila asinirudishe kwenye likizo ya Reds.