Mrejesho: ile nyumba ya kambini baada ya mume wangu kuhamishwa

Jamani nimerudi. Niliuliza, mume wangu polisi kahamishiwa Gulu katikati ya muhula, je sisi tuliobaki Kampala tutatolewa kwenye kambi ya polisi? Basi akaandika barua kupitia kwa bosi wake wa kituo kama mlivyoshauri, akaambatanisha ya uhamisho na ya shule, tumeruhusiwa mpaka watoto wafunge shule. Afande wa makazi kaja na fomu, kakagua kitasa, bomba la sinki linalovuja, mita ya Yaka, ile ya umeme wa kulipia kabla, kaipiga picha, yote tukasaini, hiyo nimeipenda sana maana anayeingia hatadaiwa alichokikuta kibovu. Ila wenzetu wa kwenye unipoti, vile vibanda vya mabati vya duara wanavyoishi polisi, wananiuma roho, jua likiwaka humo hakukaliki kabisa. Asanteni sana.